Sungura Mweupe wa Milima ya Uskoti

Mkazi wa Mbeya au wa Iringa hulala kila usiku mahali palipo juu zaidi kuliko kilele kirefu kupita vyote katika Uingereza nzima. Kilele hicho, Ben Nevis, kina mita 1,345 tu. Na cha pili yake, Ben Macdui, kina mita 1,309. Mtu aliyekulia chini ya Kilimanjaro angeweza kucheka akisikia kwamba hiyo nayo huitwa milima. Asicheke upesi. Milima ya Uskoti iko mbali kaskazini, kwenye latitudo ya digrii 57 hivi, na mwezi wa Machi, wakati watu wa mabondeni wamekwisha anza kuzungumza habari za majira ya machipuko, huko juu baridi haijaondoka. Tarehe 20 Machi, 1986, chombo cha kupimia upepo kileleni Cairn Gorm kiliandika mwendo wa maili 173 kwa saa, yaani kilometa zipatazo 278. Upepo wa namna hiyo haumsukumi mtu, humbeba.

Hata hivyo, ni katika mwezi huo huo ambapo wapandaji wenye kamera hufunga mizigo yao na kuelekea Cairngorms, safu ya milima iliyofanywa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2003. Kwa gari ni mwendo wa saa tatu hivi kutoka Edinburgh, mji ambao Mwalimu Nyerere alisoma chuo kikuu kati ya mwaka 1949 na 1952. Hakuna lango la kulipia kiingilio. Sheria ya ardhi ya Uskoti ya mwaka 2003 inampa kila mtu haki ya kutembea milimani, hata katika mashamba makubwa ya matajiri, maadamu anatembea kwa kuwajibika. Neno hilo la mwisho lina uzito, nasi tutalirudia.

Wanachokitafuta wengi wao ni sungura. Huyu si yule mjanja wa hadithi zetu, bali ni sungura wa milimani, mwenye uzito wa kilo tatu hivi, ambaye kila mwaka hubadili koti lake: majira ya baridi huwa mweupe, na majira ya joto huwa wa rangi ya udongo. Yuko pia ndege wa jamii ya kwale aishiye vileleni, naye hufanya vivyo hivyo kwa manyoya yake. Mwezi Machi na Aprili ndio wakati wa kuvua nguo nyeupe. Sungura huonekana na mabaka, uso umekwisha kuwa wa kahawia na mbavu bado nyeupe, na mpiga picha mzoefu atakuambia kwamba hapo ndipo anapopendeza kuliko wakati wowote.

Lakini uzuri huo una mashaka ndani yake. Kinachomwamrisha sungura kubadili koti, zaidi ya yote, ni urefu wa mchana, nao haujabadilika tangu dunia iumbwe. Theluji ndiyo iliyobadilika. Kwa kuwa hali ya hewa imezidi kuwa ya joto, theluji huyeyuka mapema kuliko zamani, na mnyama hubaki mweupe juu ya mlima uliokwisha kuwa wa kahawia, akionekana kutoka mbali kama shuka lililosahauliwa kondeni. Tai humwona. Mbweha humwona. Hata lile bonge la theluji la mlima Braeriach, ambalo wazee walidhani halitayeyuka kamwe, liliyeyuka lote mwaka 2017, likayeyuka tena mwaka 2018, na tena mwaka 2021. Wanadamu nao hawakuwa nyuma katika kumtesa. Kwa miaka mingi wenye mashamba ya kuwindia ndege waliwaua sungura hao kwa wingi, wakidai kwamba hueneza kupe, hadi sheria ilipokataza kuwaua bila kibali kuanzia tarehe 1 Machi, 2021.

Basi fikiri, msomaji, hali ya mnyama huyo anapokutana na wewe mwishoni mwa baridi. Kwa miezi mitano amekula vijiti na magome. Mafuta ya mwilini yamekwisha. Wengine ni majike wenye mimba. Mchana kutwa hujilaza katika kijishimo chake nyuma ya jiwe, mahali pasipo na upepo, akitunza nguvu kidogo alizo nazo hadi jioni atoke kula. Wewe ukimkurupusha, atapanda mlima mbio, na nguvu atakazozitumia hawezi kuzinunua dukani. Mtu mmoja akimkurupusha, si neno kubwa. Lakini picha hizi zimependwa sana siku hizi, na yawezekana ukawa mtu wa nne kumtoa kitandani tangu asubuhi.

Wapo wanaomkimbiza makusudi ili wapate picha ya mbio. Mimi siioni kuwa picha. Naiona kuwa ushahidi wa kosa. Mpiga picha anayejua kazi yake hufanya kinyume. Humtafuta sungura kwa darubini akiwa mbali. Hamjii moja kwa moja, wala hajitokezi ghafla kwenye ukingo wa kilima, bali husogea kwa mshazari, mahali anapoonekana, hatua chache kisha anakaa chini. Masikio ndiyo taarifa. Yakilala mgongoni, mnyama ametulia. Yakisimama, mtu anakoma hapo hapo hata kama ni nusu saa. Na mnyama akijikusanya kama anayetaka kuruka, mtu anarudi nyuma. Kwa tai mambo ni makali zaidi, kwani mwezi Machi huanza kutaga, na kumsumbua kwenye kiota chake ni kosa la jinai. Anayetaka kumpiga picha hapo lazima awe na leseni.

Wakati huo mpiga picha mwenyewe naye yumo hatarini. Ukungu ukishuka juu ya theluji, mbingu na ardhi huwa kitu kimoja cheupe, wala mtu hajui kama anapanda au anashuka. Kwenye kingo za magenge theluji hujenga ukumbi unaoning’inia hewani, na anayeukanyaga huanguka nao. Novemba 1971, vijana watano wa shule na mkufunzi mwanafunzi mmoja walikufa katika uwanda wa juu wa Cairngorm baada ya kushikwa na tufani ya theluji. Kwa hiyo dira na ramani ya karatasi, shoka dogo la barafu na meno ya chuma ya kufunga chini ya viatu hutangulia kuingia mkobani, ndipo lenzi ifuate. Taarifa za maporomoko ya theluji hutolewa kila siku hadi katikati ya Aprili, nazo zisomwe jana yake, si njiani.

Kuhusu kamera yenyewe, mambo ni machache. Theluji huidanganya: huiona nyeupe mno, ikaitoa kijivu, hivyo ongeza mwanga hatua moja hadi mbili. Betri hufa haraka kwa baridi, basi ya akiba ikae kifuani, chini ya sweta. Jua la Machi hupita chini hata saa sita mchana, na nuru yake ya ubavuni huonyesha kila unywele wa koti la sungura. Usiku ukifika nyumbani, usiitoe kamera mkobani mbele ya moto. Ifunge kwanza katika mfuko wa plastiki, uache ipate joto polepole, la sivyo itatota maji ndani kama chupa ya soda iliyotolewa kwenye jokofu.