Si kila mgonjwa wa ini ni mlevi



Juzi nilikuwa matangani hapa Majoreni. Marehemu alikuwa mvuvi, baba wa watoto wanne, mtu wa safu ya mbele msikitini. Alifariki tumbo limejaa maji na macho yamegeuka manjano. Chini ya mwembe nikasikia wawili wakinong'onezana: "Daktari kasema ni ini. Kumbe alikuwa akinywa kwa siri!" Mjane alikuwa hatua chache tu kutoka hapo.

Maneno yale yaliniuma, kwa sababu si kweli kwamba ini huharibiwa na mnazi peke yake. Dhana hiyo humvunjia maiti heshima, na huwaponza walio hai pia. Asiyekunywa hujiona yu salama, na anayeumwa huona haya kwenda kupimwa.

Ini liko upande wa kulia, chini ya mbavu. La mtu mzima lina uzito wa kama kilo moja na nusu. Husafisha damu, hutengeneza nyongo ya kusagia mafuta, huweka akiba ya sukari, na hutoa vitu vya kugandisha damu mtu akijikata. Likiumia kidogo hujiponya lenyewe. Taabu huanza likiumizwa mfululizo, mwaka baada ya mwaka. Panapopona hubaki kovu, kama kovu la jeraha la mguuni. Makovu yakizidi, ini hukakamaa. Madaktari huita hali hiyo sirosisi.

Damu itokayo matumboni hupitia kwenye ini. Ikikuta njia imebana, hurudi nyuma. Ndipo maji huvuja na kujaa tumboni, na mishipa ya njia ya chakula huvimba hata ikapasuka, mgonjwa akatapika damu. Umanjano wa macho hutokana na mabaki ya chembe nyekundu za damu zilizochakaa, ambayo ini limeshindwa kuyatoa. Wengine huishia kupata saratani. Na safari yote hiyo yaweza kuchukua miaka 20 au zaidi bila maumivu yoyote. Kikulacho ki nguoni mwako.

Pombe ni adui wa ini, hilo halina ubishi. Lakini wako maadui wengine watatu ambao huingia hata nyumba ya shekhe.

Wa kwanza ni virusi vya homa ya ini aina ya B. Hupita kwa damu, kwa tendo la ndoa, na kutoka kwa mama hadi kwa mtoto wakati wa kuzaliwa. Mtoto mchanga akiambukizwa, mara tisa kwa kumi virusi hubaki mwilini mwake. Mtu mzima mara nyingi huvishinda. Kula sahani moja au kupeana mikono hakuambukizi. Wembe mmoja kwa watu wengi huambukiza, uwe wa kinyozi au wa mganga wa chale. Ukiona tumbo limevimba ukasema ni kurogwa, ukampeleka mgonjwa akachanjwe kwa wembe uliokwisha kutumika, umeongeza wagonjwa.

Wa pili ni mafuta. Mwenye kitambi au ugonjwa wa sukari huweza kujaza mafuta ndani ya ini lake, likavimba na kupata makovu kama la mlevi.

Wa tatu ni sumukuvu, sumu ya ukungu wa mahindi na karanga zilizohifadhiwa zikiwa na unyevu. Mwaka 2004, hasa huko Makueni na Kitui, watu 317 waliugua kwa kula mahindi ya namna hiyo na 125 wakafa. Kuyaosha au kuyapika sima hakuondoi sumu. Ikikutana na virusi vya B katika ini moja, hatari ya saratani huzidi sana.

Basi tufanye nini? Chanjo ya homa ya ini B imo katika sindano za watoto za wiki 6, 10 na 14, na ilianza kutolewa Kenya mwaka 2001. Usikose kliniki hata moja. Wewe uliyezaliwa kabla ya hapo, kama mimi, yaelekea hukuipata utotoni. Kapime, ni kipimo cha damu tu. Ukikutwa huna, uliza chanjo ya watu wazima. Ukikutwa navyo, daktari akiona inafaa atakupa vidonge vya kuvituliza. Mama mjamzito naye aulize kipimo hicho kliniki. Mahindi yaanikwe juu ya turubai mpaka yakauke, na yenye ukungu yatupwe.

Yule mjane na wanawe wanne wanahitaji kupimwa wiki hii, wala si kunong'onwa. Ukiwa jirani yao, wasindikize hospitali. Mwili ni amana.

Mola amrehemu marehemu wetu. Amin.