Kijani Chenye Sumu: Mabingwa wa Aseneti ya Shaba

Mbale ya shaba yenye aseniki ikifikiwa na maji ya mvua na hewa, huanza kuoza. Shaba na aseniki huachana na salfa, huungana upya, na huota kwenye nyufa za mwamba zikiwa fuwele za kijani, yaani aseneti za shaba. Kiongozi wa ukoo huu ni olivenaiti, kijani cha zeituni mbichi. Ndugu zake ni wengi, na kila mmoja ana rekodi yake ya kujivunia.

1. Mkongwe wa vitabuni: olivenaiti

Jina lake liliwekwa na Robert Jameson mwaka 1820, miaka 20 hivi kabla Sayyid Said, sultani wa Omani, hajahamishia makao yake Unguja. Nyumbani kwake ni Gwennap, Cornwall, kusini magharibi mwa Uingereza, eneo lililosifiwa kuwa maili mraba tajiri kuliko zote katika Dunia ya Kale. Maili mraba hiyo haifiki mara tatu ya Mji Mkongwe wa Zanzibar! Huko olivenaiti hutokea pia kwa umbo la nyuzi nyuzi, michirizi ya kijani na kahawia ikipishana mithili ya ubao uliopigwa randa. Wachimbaji wakaiita shaba ya mbao, na ukiishika mkononi huwezi kuwalaumu.

2. Mgodi mkongwe: Ojuela

Wahispania waligundua mbale ya Ojuela, huko Mapimí, Meksiko, mwaka 1598. Ngome ya Yesu pale Mombasa ilikuwa na miaka miwili tu tangu ikamilike. Hapa anatamba konikalsaiti, mwenye kalisi ndani yake: vijiduara vya kijani cha tufaha vilivyobanana juu ya mwamba wa rangi ya kutu. Kwa uzuri wa rangi peke yake, kura yangu naitia hapa bila kusita.

3. Bingwa wa mabingwa: Tsumeb

Kaskazini mwa Namibia, mbale ya Tsumeb imesimama wima ardhini kama bomba, ikishuka zaidi ya mita 1,300. Chukua jengo la UAP Old Mutual la Upper Hill, Nairobi, lenye mita 163, lipange mara nane, moja juu ya jingine. Ndiyo kwanza unafika!

Madini ya aina hii kwa kawaida hukaa karibu na uso wa ardhi, hewa inapofika. Tsumeb ilivunja kanuni. Maji yenye oksijeni yalipenya kwenye mwamba wa dolomiti hadi zaidi ya nusu kilomita chini, na wachimbaji waliodhani wameshaipita tabaka iliyooza wakaikuta nyingine imewangoja kule kule. Mgodi huu umetoa zaidi ya aina 300 za madini, na zaidi ya 70 kati ya hizo zilitambuliwa hapo kabla ya kwingine kokote. Dunia nzima ina aina 6,000 hivi. Yaani shimo moja limebeba aina moja katika kila 20!

Na shaba yenyewe? Tani milioni 1.7 hivi, kuanzia mwaka 1907 hadi mgodi ulipofungwa 1996. Kwa malori ya tani 30, ni malori 56,000 na ushee. Ukimpa kila shabiki lori lake, Uwanja wa Benjamin Mkapa unakaribia kujaa.

4. Mzito kuliko wote hapa: duftaiti

Mzaliwa wa Tsumeb, amebeba risasi pamoja na shaba. Jaza dumu la lita 20 maji: kilo 20. Lau ungelijaza duftaiti tupu, lingekuwa kilo 128, gunia la mahindi la kilo 90 na nyongeza nene juu yake. Olivenaiti ingefika kilo 88, si haba.

5. Laini na yenye kiu: kalkofilaiti

Ugumu wake ni 2, kwa hiyo ukucha unaikwaruza. Karibu moja ya tano ya uzito wake ni maji yaliyofungwa ndani ya fuwele.

6. Sumu

Katika kila kilo ya olivenaiti, zaidi ya robo kilo ni aseniki: gramu 265. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha mikrogramu 10 katika lita moja ya maji ya kunywa. Aseniki ya kilo hiyo moja ikiyeyuka yote, inatosha kufikisha kikomo hicho katika lita milioni 26.5, sawa na maboza 2,650 ya lita 10,000!

7. Aliyeondolewa mashindanoni: malakiti

Watu wa Kolwezi na Likasi, kule Kongo, watauliza mbona kijani chao cha Katanga hakimo. Ni kabonati, si aseneti. Dondoshea tone la asidi ya hidrokloriki: malakiti hutoa mapovu papo hapo, olivenaiti huyeyuka bila povu lolote. Ligi yake ni nyingine, na huko nako Katanga haishikiki.