Uvimbe Uliositiriwa

Mulago, hospitali ya Uganda iliyoanza mwaka 1913 kwa kutibu maradhi ya zinaa, ilipata sifa ulimwenguni pale tabibu mpasuaji Denis Burkitt alipoandika mwaka 1958 habari za saratani iliyowavimbisha watoto taya. Na uvimbe ule, kwa msiba wake wote, ulikaa usoni, mama akauona, jirani akauona, na tabibu akauona mtoto angali mlangoni. Ama uvimbe ninaotaka kuueleza hukaa chini ya nguo, katika msamba na mashavu ya uke, na mwenye nao aghalabu huusitiri kwa haya mpaka kuketi kukawa taabu.

Huitwa angiomiksoma vamizi, nao ulipambanuliwa na wanapatholojia Steeper na Rosai mwaka 1983. Ni nadra, na huwapata zaidi wanawake wa umri wa kuzaa. Kwa kuwa ni laini na aghalabu hauumi, mkono wa tabibu hudanganyika, akadhani ni uvimbe maji wa tezi ya Bartholin, au ngiri, akapasua, akashona, na baada ya miaka mgonjwa akarudi nao ule ule. Kwani kinachoonekana nje ni kichwa tu, na kiwiliwili kimejipenyeza nyongani bila ganda la kukitenga na nyama nzima. Hivyo picha ya sumaku (MRI) na itangulie kisu.

Hukumu yenyewe hutoka kwa hadubini. Kipande hulowekwa katika formalini, huzamishwa ndani ya nta, hukatwa utando wa maikroni chache, hutiwa rangi. Na mwenye kuchungulia huona ute mwingi, seli chache zilizotulia, na mishipa ya damu, minene kwa myembamba. Katika Uganda hukumbukwa pia saratani ya Kaposi, iliyojulikana hapa kabla ya UKIMWI, ambayo mara chache huota mahali hapo hapo na matibabu yake ni mengine kabisa.

Zamani wapasuaji walikata pana mno. Siku hizi wengi huona, nami naafiki kwa moyo wote, kwamba mkojo, haja na uzazi wa mwanamke vihifadhiwe hata ikiwa ukingo wa uvimbe utabaki, maadamu uvimbe huu kuenea mbali ni nadra sana, na sindano za kuzuia homoni za kike zaweza kuusinyaza. Lakini hurudi, pengine baada ya miaka kumi. Na siku hiyo kile kijipande cha nta, kikiwa kimetunzwa kabatini na namba yake, hukatwa upya na kulinganishwa na kipya.