Madini Yaliyomo Katika Chakula

Mtu akiulizwa, "Chakula kina nini ndani yake?" hujibu upesi: mna wanga wa kututia nguvu, mna mafuta, na vitu vya kujenga mwili. Jawabu hilo ni kweli, lakini halijatimia. Katika chakula mna madini pia, tena kidogo sana, hata jicho haliwezi kuyaona. Mengine ni rafiki wa mwili, na mengine ni adui. Nayo yote huingia kwa mlango mmoja, yaani kinywa.

Kwanza tuwatazame marafiki. Chuma huifanya damu iwe nyekundu, na iweze kuchukua hewa safi hata pembe zote za mwili. Chuma chote cha mwili wa mtu mzima ni gramu 3 au 4 tu, kama uzito wa msumari mmoja. Lakini kikipungua, mtu hudhoofika, hutweta akipanda kilima kidogo, na mtoto husinzia darasani. Hupatikana katika maini, nyama, dagaa, maharagwe na mboga za majani. Ukila mboga pamoja na chungwa au limau, mwili hukipokea vema. Ukinywa chai wakati wa kula, hupokea kidogo.

Rafiki wa pili ni iodini, ambayo wengine huiita madini ya joto. Bahari inayo, lakini katika nchi nyingi za milima mvua imeiosha udongoni na kuichukua. Ndiyo sababu watu wengi wa milimani wamepata kuvimba shingo, ugonjwa uitwao rovu. Tena mama mwenye mimba akiikosa sana, aweza kuzaa mtoto mzito wa akili. Nayo haja ya mtu kwa maisha yake yote ni kama kijiko kimoja cha chai tu! Mwaka 1922 watu wa Uswisi walianza kutia iodini katika chumvi, na desturi hiyo ikaenea duniani. Basi chumvi ya namna hiyo ifunikwe, maana jua na unyevu huipunguzia nguvu.

Sasa maadui. Risasi haina kazi yo yote mwilini. Huingia katika chakula kwa vumbi la mahali wanapoyeyusha betri kuukuu, kwa rangi ya zamani inayobanduka ukutani, na kwa sufuria zilizosubiwa kwa vyuma chakavu, hasa zikipikiwa vitu vyenye uchachu kama ukwaju. Watoto huipokea kuliko watu wazima, nayo huharibu ubongo.

Adui mwingine ni zebaki. Katika mji wa Minamata, nchi ya Japani, kiwanda kimoja kilimwaga maji yenye zebaki baharini miaka mingi. Viumbe vidogo viliila. Samaki wadogo wakala viumbe hivyo. Samaki wakubwa wakala wadogo. Na kila hatua sumu ikazidi. Paka waliokula samaki wakaingiwa na wazimu. Kisha mwaka 1956 waganga wakaona watu wanatetemeka, hawawezi kusema wala kutembea sawasawa. Hata mama walioonekana wazima walizaa watoto wagonjwa. Serikali haikutangaza sababu yake mpaka mwaka 1968. Nasi kwetu tujihadhari, kwa kuwa wachimbaji wadogo wa dhahabu hutumia zebaki, na wengine huichoma karibu na nyumba.

Adui hawa hawana harufu wala ladha katika chakula, na kuchemsha hakuwaondoi. Kwa hiyo yafaa tuwazuie kabla hawajaingia. Nawa mikono kabla ya kula, osha mboga vema, usipikie wala kulia katika chombo kilichotiwa zebaki au maji ya betri, wala usichezee mahali vinapoyeyushwa vyuma. Mwenye kuulinda mlango huu ameulinda mwili wake, na akili yake pia.