Hema la Wawili Lichaguliwe kwa Pumzi

Kila aliyehiji analijua hema. Neno lenyewe tumelipokea kutoka Kiarabu, na bonde la Mina hujaa mahema kila Mfunguo Tatu. Lakini hema ninalotaka kulizungumza leo ni jingine: lile dogo la watu wawili, ambalo vijana wetu hulikunja, wakalitia mgongoni na kupanda nalo milima ya bara. Swali lao ni moja: lipi litakalofaa kiangazi na masika, joto la Lamu na baridi ya Mlima Kenya?

Aghalabu huonyeshwa hema la misimu minne, wakaambiwa hilo ndilo la wakati wote. Hapo ndipo penye mtego. Misimu hiyo minne ni ya Ulaya, na wa nne ni wa theluji. Hema lake ni zito, hufika kilo 3 na zaidi, nayo matundu yake ni machache ili theluji isipeperushwe ndani. Sisi tuna kaskazi na kusi, masika na vuli. Hata Mlima Kenya theluji huanguka, lakini si ile ya kurundikana juu ya hema siku nenda siku rudi. Adui wetu mkubwa ni unyevu.

Hayo yalidhihirika hapa Mutuini ninakokaa, upande wa Dagoretti, magharibi ya Nairobi. Ni mahali palipo zaidi ya mita 1,800 juu ya bahari, na usiku wa Julai baridi huweza kushuka hadi nyuzi 10 hivi. Mpwa wangu alikuja kutoka Mombasa na hema zito la kuazima, akijitayarisha kwa safari ya mlimani, nasi tukalilalia uani usiku mmoja. Alfajiri, tulipoamka kwa sala, dari ilikuwa ikidondoka maji.

"Mjomba, hema linavuja!" akasema.

"Halivuji, mwanangu. Usiku huu mvua haikunyesha. Hizo ni pumzi zetu."

Naam, watu wawili waliolala hutoa mvuke usiku kucha. Mvuke huo ukikuta kitambaa baridi na hauna pa kutokea, hugeuka maji, kama ilivyo kwenye kifuniko cha sufuria ya wali. Nguo zikilowa Mutuini, utaingia nyumbani ubadilishe. Zikilowa karibu na kilele cha Lenana, mita 4,985, ambako maji huganda usiku, hiyo ni hatari ya roho.

Basi hema la kutufaa ni la tabaka mbili. La ndani liwe jepesi, lipitishe pumzi. La nje lizuie mvua, lishuke hadi karibu na ardhi, liwe na matundu ya hewa juu, na baina ya tabaka hizo hewa ipite. Ukiwa Pwani siku ya joto, liondoe la nje, ulale katika wavu wa ndani kama chandarua.

Nguvu ya kitambaa hupimwa kwa urefu wa maji kinayoyahimili kabla ya kupenyeza. Paa lenye milimita 1,500 latosha. Sakafu iwe 3,000 hivi, kwani uzito wa mwili huyakamua maji ya ardhini. Mishono iwe imezibwa kwa utepe. Fito ziwe za aluminiamu, zipishane juu. Anayeudharau upepo wetu avitazame vilima vya Ngong, ambako umeme huzalishwa kwa huo huo upepo. Na milango iwe miwili, ili anayetoka kutawadha asimkanyage mwenziwe. Hema la namna hii lina kilo 2 au 2 na nusu, nao wawili hugawana mzigo.

Jambo kubwa kuliko yote ni moto. Baridi ikimzidi mtu, hutamani kuingiza jiko la mkaa ndani. Asithubutu! Mkaa hutoa sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo huua watu usingizini. Na kitambaa chenyewe huwaka upesi. Mwaka 1997, moto uliteketeza mahema yapatayo 70,000 huko Mina, na mahujaji zaidi ya 340 wakafariki. Baadaye yakaletwa mahema ya nyuzi za kioo zilizopakwa Teflon, yasiyoshika moto. Haya yetu ya nailoni hayana kinga hiyo. Joto tulitafute katika mfuko mzuri wa kulalia na godoro jembamba la sponji, maana baridi nyingi hutoka chini.

Wazee walisema mchagua nazi hupata koroma. Hema, hata hivyo, ni la kuchaguliwa hasa. Lisimamishwe papo hapo dukani, wawili waingie, walale, wafunge zipu, kisha waulizane: pumzi zetu zitatokea wapi? Wakikosa jawabu, waliache.