Fundi wa Bomba na Tone Lipoteayo



Katika mazungumzo haya twataka kueleza kazi ya fundi wa bomba: vyombo vyake, viungo atumiavyo, na jinsi ya kutengeneza bomba lililoharibika. Mfano wetu ni Gongoni, katika mji wa Tabora, maana huko maji hayafiki bila safari ndefu.

Zamani, misafara ya kutoka pwani ilipofika Tabora, wapagazi waliteka maji visimani na kuyachukua katika vibuyu. Baadaye mji ulitegemea mabwawa, hasa lile la Igombe. Mwezi wa Januari mwaka 2021 ukazinduliwa mradi wa kuleta maji ya Ziwa Victoria mpaka Tabora, Igunga na Nzega. Maji hayo husafishwa, husukumwa kwa mitambo, na hupita ndani ya mabomba zaidi ya kilomita 200. Basi tone lidondokalo penye kiungo kibovu limekwisha kugharimiwa safari hiyo yote.

Kila mtu aweza kupima hasara yake. Weka kikombe cha robo lita chini ya koki ivujayo. Kikijaa kwa dakika 15, umepoteza lita moja kwa saa, yaani lita 24 kwa siku, kupita ndoo ya lita 20. Kwa mwaka mzima ni lita 8,760. Haba na haba hujaza kibaba. Na haba na haba vile vile hukimaliza.

Tena iko hatari kubwa kuliko hasara. Maji yakiwa na nguvu ndani ya bomba, hutoka penye tundu na kufanya dimbwi. Maji yakikatwa, nguvu ile hupungua, na bomba laweza kuvuta ndani maji machafu ya dimbwi lile lile. Yakifunguliwa tena, uchafu huo huenda moja kwa moja mtungini. Kipindupindu na homa ya matumbo huweza kupita njia hiyo. Kwa hiyo fundi azibaye tundu hulinda afya ya mtaa, wala halindi mfuko wa mwenye nyumba peke yake.

Sasa tutazame vyombo. Cha kwanza ni spana ya bomba, yenye meno. Mmarekani Daniel Stillson aliipatia hati ya uvumbuzi mwaka 1870, wakati misafara ya pembe ilipokuwa ingali ikipita Tabora. Meno yake huuma upande mmoja tu: ukivuta hubana, ukirudisha huachia. Fundi mwema huwa nazo mbili, moja ya kushika na moja ya kuzungusha. Asiposhika, nguvu ya mkono wake hulegeza kiungo kingine kilichofichwa ukutani. Kwa nati za koki hutumia spana isiyo na meno, ili asizichubue. Tena anahitaji msumeno wa chuma, tupa, jiliwa ya kubania bomba, na chombo cha kukatia hesi, yaani ile mistari izungukayo kwenye ncha ya bomba.

Viungo navyo vina majina yake. Soketi huunga mabomba mawili yaliyonyoka; kiwiko hupinda njia; tii hutoa tawi; nipeli ni kipande kifupi chenye hesi pande zote mbili. Wanafunzi waangalie jambo moja: bomba la chuma liitwalo la nusu inchi, ukilipima kwa nje, ni kama milimita 21. Jina lake hufuata uwazi wa ndani, si unene wa nje. Mwaka 1841 Mwingereza Joseph Whitworth alishauri hesi zote zikatwe kwa kipimo kimoja, na hesi za mabomba yetu zafuata umbo lake. Bomba la nusu inchi lina hesi 14 katika kila inchi. La inchi moja lina 11. Ndiyo sababu kiungo kilichonunuliwa leo huingia katika bomba la zamani.

Watu wengi hudhani kiungo huzuia maji kwa kukazwa kwa nguvu. Sivyo. Huzuia kwa sababu hesi ni safi na nafasi zilizobaki zimejazwa. Kwanza futa kutu na mabaki ya zamani. Kisha elekeza ncha ya bomba usoni pako, uzungushe utepe mweupe au uzi wa katani kufuata mwendo wa saa. Ukizungusha kinyume, kiungo kitaufumua kinapoingia. Anza kwa mkono, maliza kwa spana. Wala usirudishe nyuma ukiisha kukaza, kwani utafungua njia ya maji.

Je, bomba likipasuka katikati? Hapo mwanafunzi hushangaa: ncha zote mbili zina hesi, naye akilizungusha litoke upande huu, upande wa pili huzidi kuingia. Dawa yake ni kiungo kiitwacho unio, chenye sehemu tatu: mbili hufungwa katika mabomba, na nati ya katikati huzivuta zikutane, bila bomba lolote kuzunguka. Basi funga maji, kata penye ubovu, fungua vipande viwili, na utie vipya pamoja na unio. Unapopima, ongeza urefu utakaoingia ndani ya viungo.

Bomba la plastiki la gundi halitaki hesi. Likate sawasawa, ondoa makapi ya msumeno, lifute likauke kabisa. Paka gundi pande zote mbili, sukuma huku ukizungusha kidogo, kisha lishike kitambo. Usifungue maji kabla ya muda ulioandikwa koponi. Haraka ya fundi ndiyo huharibu kiungo hiki.

Koki idondokayo mara nyingi haitaki koki mpya. Funga maji, fungua kichwa chake, toa washa ya mpira iliyochakaa, utie nyingine ya kipimo kile kile. Lakini tazama pia kiti chake. Kikiwa na mkwaruzo, mpira mpya nao utaliwa upesi.

Kazi ikiisha, fungua maji polepole, maana yakija kwa kishindo hugonga viungo. Yaache ya kwanza yatoke mpaka yawe safi. Futa kila kiungo kwa kitambaa, kisha kiguse kwa karatasi kavu; ikilowa, kazi haijaisha.

Wazee wetu walisema, usipoziba ufa, utajenga ukuta. Twawaomba basi, uonapo unyevu penye bomba, usingoje dimbwi. Mwite fundi, au mwambie msimamizi wa maji siku ile ile.

Kwaherini.