Maji Matupu Kuliko Yote, na Wanaoyaweza

Maji yaliyosafishwa hadi kikomo hupitisha umeme wa maikrosimensi 0.055 tu kwa sentimita. Ya bahari hufika 50,000. Umeme hubebwa na chumvichumvi, kwa hiyo kipimo kidogo maana yake ni maji matupu. Kwa samaki utupu huo ni mtihani: maji humwingia mwilini bila kukoma, sodiamu na kloridi humvuja kupitia matamvua, naye hukojoa kutwa kucha huku akizivuta chumvi upya. Kalsiamu ikipungua, uvujaji huzidi.

Mabingwa wa ustahimilivu wako Rio Negro, Brazili. Kipimo huko mara nyingi hakifiki 20, na maji yana asidi kali, meusi kama chai ya rangi. Tetra kadinali, samaki mdogo kuliko kidole, huishi humo kwa sababu matamvua yake hayaachii sodiamu kirahisi. Weusi wenyewe, unaotokana na majani yaliyooza, huyasaidia matamvua hayo.

Ziwa linalonivutia kuliko yote ni Nabugabo, Uganda. Ukanda wa mchanga ulilitenga na Ziwa Victoria miaka elfu kadhaa iliyopita. Kipimo cha Victoria ni kama 100. Cha Nabugabo ni kama robo yake. Kalsiamu ni haba hata konokono hawana cha kujengea magamba, na pasipo konokono kichocho hakina pa kukulia. Uhaba uleule unaowanyima konokono makazi huwalinda waogaji.

Damu yenye chumvi chache kupita zote ni ya kome wa jenasi Anodonta. Uzito wa chumvi zake hauzidi sana sehemu moja ya ishirini ya ule wa bahari, hivyo ana kidogo cha kupoteza.

Na umeme mkali kuliko wa mnyama yeyote? Ni volti 860, za Electrophorus voltai, samaki mrefu kama mkunga aliyepewa jina mwaka 2019. Taa wa umeme baharini hahitaji volti nyingi hivyo. Huyu hukaa katika mito ya Brazili yenye chumvi chache, ambamo umeme hupita kwa shida.

Walioumia zaidi ni samoni wa kusini mwa Norwe. Mito ya huko hupita juu ya mwamba usiotoa kalsiamu. Mvua ya asidi ilipoingia katika karne ya 20, mito mingi ilibaki bila samoni. Tangu miaka ya 1980 serikali humwaga chokaa mitoni, na katika baadhi yake samoni wamerudi kuzaa.